Mzigo wa wekstesheni za zamani Iringa (SPARCstation 20, Ultra 5, SGI O2): una thamani gani, na nianzie wapi?

#1 ndaga_fijo (Mbeya)

Wakuu, habari za jioni.

Kuna stoo Iringa mjini inasafishwa, na mzigo wa kompyuta za zamani unauzwa kwa pamoja. Sio PC za kawaida, ni wekstesheni, yaani kompyuta za kazi nzito za kitaalamu. Orodha kama nilivyotumiwa:

Sun SPARCstation 20, moja
Sun Ultra 5, mbili
Silicon Graphics O2, moja
Kibodi za Sun mbili, mausi moja
Monita ya chogo inchi 20, moja
Boksi la nyaya, halijapekuliwa

Muuzaji anataka laki sita kwa vyote. Anasema hazijawashwa kwa miaka mingi, ila yuko tayari kuziwasha mbele yangu ili nione. Maswali ni matatu: bei ni halali? Nikague nini nikifika? Na nikishazibeba, nifuate hatua gani ili nisiziue?

#2 bisibisi_uyole

Mkuu, kabla ya bei mpigie simu sasa hivi umwambie ASIZIWASHE. Hiyo "kuwasha uone" ndiyo inayoua nyingi.

Mashine iliyolala stoo miaka kumi na zaidi ina mambo manne ndani. Kapasita za pawasaplai zimekauka au zimevuja. Kuna vumbi lililoshika unyevu. Kuna panya, na mkojo wa panya unakula njia za shaba kwenye ubao, tena unapitisha umeme ukiwa mbichi. Na mara nyingi kuna mjusi aliyekaukia kwenye pawasaplai. Ukichomeka umeme wa 230 moja kwa moja, kwenye kapasita kuu unapata kama volti 325 za DC papo hapo. Kilichokuwa kinaponyeka kwa brashi na spiriti kinageuka mkaa.

Ukifika stoo, nenda na bisibisi ya nyota, tochi, brashi laini na simu yenye kamera. Kagua hivi:

Nusa kwanza. Harufu ya samaki au ya mkojo mkali karibu na tundu za hewa ni ama kapasita zilizovuja, ama panya. Vyote viwili vinapunguza bei.

Inamisha taratibu usikilize. Kitu kikigongagonga ndani ni skrubu iliyolegea, au ni feni iliyovunjika, au kuna aliyewahi kufungua na kuchomoa. Fungua uone.

Angalia nafasi ya diski. Taasisi nyingi huchomoa diski kabla ya kuuza, na kwa SPARCstation na O2 huchomoa pamoja na kibebeo chake cha plastiki. Diski utapata, kibebeo ndicho cha kutafuta kwa tochi.

Angalia vipande vya RAM na moduli ya prosesa. Hivi hutoka kimyakimya.

Piga picha za lebo zote, za nyuma na za kwenye ubao. Bodi za Sun zina namba inayoanza na 501-, za SGI inaanza na 030-. Namba hiyo ndiyo itakayokwambia umenunua nini, sio maneno ya muuzaji.

Usifute chochote. Nasisitiza: usifute, usibandue, usipulize kwa mdomo. Sababu ataisema mwenye SPARC zake, najua yumo humu.

#3 skrepa_makambako

Dhahabu iliyomo mnaisahau wakuu 😄

#4 bisibisi_uyole

Ya Chunya ni rahisi zaidi kuipata, kaka. Kwenye bodi moja ni utando mwembamba kuliko karatasi, na tindikali ya kuutoa inakula mapafu kabla haijala shaba. Anayevunja SPARCstation kwa ajili ya dhahabu anachoma nyumba apate mkaa.

#5 mkwawa_sparc (Iringa)

Kamwene. Nimeitwa, nimekuja.

Kitu cha kwanza kuelewa kuhusu Sun: utambulisho wa mashine hauko kwenye diski. Uko kwenye chipu moja nyeusi, ndefu kama kiberiti, yenye miguu 28, imekaa kwenye soketi. SPARCstation 20 yako inatumia M48T08, Ultra 5 zinatumia M48T59Y. Ndani ya chipu hiyo kuna saa, kuna kumbukumbu ndogo, na juu yake kumefungiwa seli ya lithiamu. Seli hiyo ilitengenezwa idumu kama miaka kumi. SPARCstation 20 ilitoka mwaka 1994 na Ultra 5 mwaka 1998, piga hesabu mwenyewe.

Seli ikifa, mashine inasahau saa, mipangilio yake, anwani yake ya mtandao na namba yake ya utambulisho, yaani hostid. Ukiiwasha itaandika `The IDPROM contents are invalid` (IDPROM ni sehemu ya kumbukumbu hiyo inayotunza utambulisho), na anwani ya mtandao itasomeka `ff:ff:ff:ff:ff:ff`. Watu wengi wakiona hivyo wanasema imekufa. Haijakufa, imesahau jina lake. Tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo tofauti ya bei.

Sasa sababu ya kutofuta. Juu ya chipu hiyo mara nyingi kuna kistika kidogo cheupe chenye mistari ya kuskani na tarakimu sita. Hizo ndizo tarakimu za mwisho za anwani asilia ya mashine. Sun walikuwa wanaanza na 08:00:20, kwa hiyo kistika kikisoma 7C41A9, anwani kamili ni 08:00:20:7C:41:A9. Programu za zamani za kulipia zilifungwa kwenye hostid, na hostid inatokana na tarakimu hizo hizo. Ukikibandua kistika kwa kutaka usafi, umeifutia cheti cha kuzaliwa mashine ambayo imeshapoteza kumbukumbu.

Kwa hiyo ukifika stoo, piga picha ya chipu hiyo kwa kila mashine, kwa karibu, mpaka tarakimu zisomeke. Na usiichomoe. 

#6 ndaga_fijo

Asante sana mkuu. Muuzaji nimeshamzuia. Ameniletea picha. Ultra 5 moja kistika kipo, inasomeka. Ya pili kistika kimechanika, zimebaki tarakimu tatu. SPARCstation kipo. Sasa kama betri zimekufa kweli, narudishaje?

#7 mkwawa_sparc

Njia ni mbili, na kuna mtego katikati.

Njia ya kwanza ni kununua chipu mpya. Mtego ndio huu: nyingi zinazouzwa mtandaoni kwa bei chee zimechomolewa kwenye mashine kuukuu na kusuguliwa zing'ae. Betri yake ni mfu kama yako. Soma msimbo wa tarehe wenye tarakimu nne kabla ya kulipa: 9623 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 1996. Kama msimbo umefutwa, usinunue.

Njia ya pili ni kuipa hiyo hiyo betri ya nje. Kazi ya saa moja kwa mtu mwenye mkono mtulivu:

Chomoa chipu kwa kuinua kidogo upande huu, kidogo upande ule. Ukiinua upande mmoja kwa pupa unapinda miguu.

Kwaruza plastiki ya kichwa cheusi, upande wa seli, kwa kijifaili chembamba. Kidogo kidogo. Unatafuta vinundu viwili vya chuma vinavyong'aa, ndizo ncha za seli ya ndani. Simama mara unapoviona, ukizidi unakata na vya chini.

Pima kwa multimita. Hata seli iliyokufa huacha volti kidogo, na hiyo itakuonyesha upi ni chanya na upi ni hasi. Andika kwa kalamu ya wino usiofutika.

KATA muunganisho wa seli ya zamani. Hapa ndipo wengi wanakosea: wanalehemu betri mpya sambamba na ya zamani, na ya zamani inainyonya mpya ndani ya miezi michache.

Lehemu nyaya mbili nyembamba kwenda kwenye kishikio cha CR2032. Betri yenyewe usiilehemu, tumia kishikio, maana siku moja utaibadili. Fanya haraka, sekunde mbili tatu kwa kila nukta, joto likizidi plastiki inalegea.

Kishikio kibandike mahali ambapo hakigusi chuma cha boksi.

Ukirudisha na kuwasha, subiri mpaka ipige kelele za IDPROM, bonyeza `Stop` na `A` kwa pamoja. Utapata neno `ok`. Hapo unaandika, kwa mfano wa anwani niliyotoa juu:

```
set-defaults
1 0 mkp
real-machine-type 1 mkp
8 2 mkp
0 3 mkp
20 4 mkp
7c 5 mkp
41 6 mkp
a9 7 mkp
0 8 mkp
0 9 mkp
0 a mkp
0 b mkp
7c c mkp
41 d mkp
a9 e mkp
0 f 0 do i idprom@ xor loop f mkp
```

Kisha `banner`. Anwani ikitokea sahihi, imekubali. Zima kabisa, chomoa waya wa ukutani, ngoja nusu saa, washa tena. Kama bado ipo, betri yako inafanya kazi. Kama imerudi kuwa ff, hukuunganisha vizuri.

Ule mstari wa mwisho ndio unaokokotoa tarakimu ya uhakiki. Ukikosea tarakimu moja juu yake, au ukiusahau, mashine inakataa zote. Na tarakimu hizi zote ni za mfumo wa kumi na sita, kwa hiyo 20 hapo sio ishirini ya sokoni.

Kwa ile yenye kistika kilichochanika: tarakimu tatu zilizopo zitumie, zilizobaki jipangie, ilimradi mashine mbili kwenye mtandao mmoja zisifanane. Itafanya kazi. Ila ukija kuiuza, sema. Mkusanyaji anayejali atauliza.

#8 kibao_njombe

Naongeza kidogo kuhusu kuwasha mara ya kwanza, kwa sababu huku kwetu baridi inaleta jambo ambalo miongozo ya nje haisemi.

Ukiitoa mashine stoo yenye ubaridi wa Juni au Julai ukaingiza chumba chenye jiko, bodi inatoa jasho. Huoni kwa macho, limo chini ya chipu. Iache ikiwa imefunguliwa siku nzima kwenye chumba ambacho utaiwashia. Isiwe juani. Jua linapinda plastiki za O2, na hizo ni kavu kama biskuti tayari.

Kisha fungua pawasaplai, ikiwa imechomolewa na imekaa saa kadhaa. Hata hivyo pima kapasita kuu kabla ya kuingiza kidole. Ikiwa bado ina chaji, itoe kwa rezista ya kilo-omu 10 ya wati 5, ishikilie sekunde kumi na tano, pima tena. Usitumie bisibisi kuunganisha, cheche yake inakula ncha na inaweza kukurusha.

Tafuta kapasita za kaki za upande wa umeme unaoingia, zile zenye ganda la kung'aa unaloweza kuona ndani. Ganda likiwa na nyufa kama kioo cha gari lililogongwa, badilisha kabla ya kuwasha. Zile za karatasi za RIFA ni maarufu kwa hili: zinafyonza unyevu kwa miaka, ukiweka 230 zinapasuka na kujaza moshi chumba kizima. Weka ya filamu, yenye alama X2, volti 275, thamani ile ile ya iliyotoka. Kapasita za mviringo zilizovimba kichwa au zenye ute chini, nazo toa.

Baada ya hapo, jaribu kupitia taa. Yaani unaunganisha bulbu ya kizamani ya wati 100 kwa mfululizo na waya wa laini. LED haifai. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna shoti, zima. Ikimweka kisha ikafifia, endelea. Ikipepesa, sio lazima ubovu: mashine inataka umeme kuliko taa inavyoruhusu. Zima, kagua tena kwa macho, kisha jaribu bila taa ukiwa umeshika swichi. Pawasaplai hizi zijaribu zikiwa na mzigo wake, sio tupu mezani.

Na usiziache zimechomekwa kuanzia mvua za Novemba. Radi za huku haziji kwa waya wa umeme tu, zinaingia hata kwa waya wa mtandao. Chomoa vyote viwili.

#9 tunduma_bits

Swali la pembeni: hiyo monita ya chogo anunue au aiache?

#10 mama_kebo

Aiache isipokuwa ni bure, ila ACHUKUE WAYA WAKE. Hili boksi la nyaya ambalo halijapekuliwa ndilo ningelifungua mimi kwanza.

SPARCstation 20 kwa kawaida inatoa picha kwa tundu la 13W3: matundu matatu makubwa ya duara na pini kumi ndogo. Huwezi kuchomeka monita ya kawaida bila adapta. Na adapta ya 13W3 ya SGI sio ya Sun, ingawa zinaingia sawasawa, mpangilio wa pini ni tofauti. Utapata giza na utadhani kadi imekufa. Ultra 5 na O2 zina VGA ya kawaida ya pini 15, hizo hazina shida.

Hata ukiwa na adapta sahihi, monita bapa nyingi hazikubali mfumo wa Sun wa kuunganisha mawimbi. Monita ikisema haipati ishara, jaribu nyingine kabla ya kuhukumu mashine. Ukifika kwenye `ok`, unaweza kushusha ukubwa wa picha:

```
setenv output-device screen:r1024x768x60
```

Kama huna skrini kabisa, Ultra 5 haihitaji. Chomoa kibodi, unganisha tundu la serial A (ile DB25 pana, ya pini 25) na laptopu kwa waya wa kupishanisha, kasi 9600, biti 8, bila pariti, biti 1 ya kusimama. Isipoona kibodi inahamishia mazungumzo yote huko yenyewe.

Kibodi: tundu lake ni la duara lenye pini nane, linafanana na la PS/2 lenye sita. Mtu akilazimisha, pini zinalala. Angalia kwa tochi. Pini moja iliyolala inanyooshwa kwa sindano ya kushonea, pini iliyokatika ni kibodi nyingine. Mausi inachomekwa kwenye kibodi, sio kwenye mashine. O2 yenyewe inakubali kibodi na mausi za PS/2 za kawaida, kwa hiyo usihangaike kuitafutia ya kwake ili tu kuijaribu.

Kibodi mbili za Sun zilizokamilika, vitufe vyote vipo, ni pesa. Kwa uzito wake ni nyepesi kusafirisha na zinatafutwa kuliko Ultra 5 yenyewe.

#11 kibao_njombe

O2 naimalizia mimi basi.

Ilitoka mwaka 1996. Bei yake inategemea prosesa, na prosesa unaijua bila kuwasha. Ukivuta moduli ya nyuma, kama kuna sehemu mbili za diski, ndani ni familia ya R5000. Kama kuna moja tu, na nafasi ya pili imezibwa na kipoza joto kikubwa chenye feni, ni R10000 au R12000. Hiyo ya pili inatafutwa zaidi. R5000 nayo ina raha yake, inapoa vizuri na haina kelele.

RAM yake ni ya kwake peke yake, haifanani na ya PC, inaingia mbili mbili, mwisho wake ni GB 1. Ikiwa nafasi zote nane zimejaa, hiyo ni sehemu ya thamani.

Plastiki: usivute kifuniko kwa nguvu, vishikizo vya ndani vinakatika kama chaki. Anza na bawaba ya nyuma, vuta moduli nzima polepole ikiwa imelala mezani. Kifuniko kizima kisicho na ufa kinaongeza bei kuliko diski.

Ikiwaka, bonyeza Esc, ingia kwenye Command Monitor, andika `hinv`, itataja vifaa vilivyomo. Piga picha ya jibu. Tangazo la kuuza lenye picha hiyo na lisilo nayo ni matangazo mawili tofauti kabisa.

#12 mkwawa_sparc

Bei sasa.

Watu wanaingia eBay, wanaona O2 imeandikwa dola kadha, wanazidisha kwa shilingi. Hiyo ni bei ya matumaini. Chagua kuonyesha zilizouzwa tu, halafu soma maelezo: ilikuwa na diski? IRIX, mfumo endeshi wa SGI, ilikuwemo? Ilijaribiwa? Chukua tatu au nne zinazofanana na yako, hiyo ndiyo bei ya mashine kamili inayowaka. Kisha anza kukata. Kanuni yangu mimi, sio sheria: haijajaribiwa, kata nusu. Haina diski wala kibebeo, kata robo ya kilichobaki. Plastiki imepasuka, kata robo nyingine.

Halafu usafiri. Kampuni za vifurushi hazipimi kilo tu, zinapima ukubwa: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawa kwa 5000. Boksi la 50 kwa 50 kwa 45 linalipiwa kama kilo 22.5, hata kama mashine ndani ni nusu yake. Mnunuzi wa Ulaya anajua hesabu hiyo, na anaitoa kwenye bei yako kabla hajakuandikia.

Upande wa chini kuna bei ya skrepa. Tuseme mzigo wako wa mashine nne ni kilo 45 na mnunuzi wa vyuma anatoa 900 kwa kilo: 40,500. Hiyo ndiyo sakafu. Muuzaji wako akikataa ofa yako, hicho ndicho anachokipata kwa mwenye mizani, na analijua hilo.

Kwa huo mzigo: O2 ndiyo inayobeba. SPARCstation 20 inafuata, na hapo inategemea moduli ya prosesa. Ikiwa SM50 ni ya kawaida, MHz 50, haina kashe ya nje. SM61 na SM71 zina kashe ya MB 1 na zinatafutwa. Ikiwa na moduli mbili, bora zaidi. `module-info` itakuambia kwenye `ok`. Ultra 5 ziko mkiani. Zilitengenezwa nyingi, zina diski za IDE (aina ya diski za PC za zamani) na ganda la PC, wakusanyaji hawazililii. Lakini kwa kujifunzia hakuna bora yake: VGA ya kawaida, nafasi za PCI, na zinakubali Solaris 10 (mfumo endeshi wa Sun), ambayo SPARCstation 20 haiwezi kwa sababu iliachiwa kwenye Solaris 9.

Tahadhari moja kwenye Ultra 5: RAM yake ina pini 168 kama SDRAM ya PC na inafanana nayo kwa macho. Sio hiyo. Ni EDO (aina nyingine ya RAM) yenye ECC, yaani inayojisahihisha makosa, inaingia mbili mbili. Usijaze za kuokoteza.

Mimi ningeanza laki mbili na nusu, na nisingevuka laki nne bila kuona O2 ndani.

#13 bisibisi_uyole

Nakubaliana isipokuwa hapo kwenye laki nne. Kama kibodi ni nzima na lile boksi lina nyaya za 13W3, vitu hivyo peke yake vinarudisha sehemu nzuri. Mwingine atakwambia vunja mashine uuze vipande: kadi, RAM, moduli. Kwa kalkuleta yuko sahihi, vipande ni vyepesi na vinaingia bahasha. Ila SPARCstation 20 ikishavunjwa hairudi, na iliyokamilika inazidi kuwa adimu kila mwaka. Vunja Ultra 5 moja kama ni lazima, ile yenye kistika kilichochanika.

#14 ndaga_fijo

Nimeelewa. Diski zimo kwenye Ultra 5 zote mbili na kwenye SPARCstation. O2 kibebeo kipo, diski haipo. Nifomati?

#15 tunduma_bits

Hapana! Nakili kwanza, tena kabla ya kuiwasha mashine yenyewe. Diski ya umri huo inaweza kuzunguka mara moja ikagoma ya pili, na hiyo mara moja usiipoteze kwa kutazama Solaris ikiwaka.

Za Ultra 5 ni IDE, unahitaji adapta ya USB tu na laptopu yenye Linux:

```
ddrescue -d -n /dev/sdb ultra5a.img ultra5a.map
ddrescue -d -r3 /dev/sdb ultra5a.img ultra5a.map
```

Ya kwanza inachota kilicho rahisi, ya pili inarudi kwenye sehemu mbovu mara tatu. Hakikisha herufi ya diski kwa `lsblk`, ukikosea unanakili ya kwako. Linux inasoma mafaili ya Solaris kwa `ufstype=sun`, kusoma tu. Ya SPARCstation ni SCSI (mfumo mwingine wa kuunganisha diski), tundu la SCA lenye pini 80, hapo utahitaji PC ya zamani yenye kadi ya SCSI na adapta ya pini 80. Zipo pia bodi ndogo kama BlueSCSI na ZuluSCSI zinazojifanya diski kwa kutumia kadi ya SD. Nunua moja, hata O2 itapona kwa hiyo, lakini weka adapta ya pini 80 hapo pia.

Kuhusu kilichomo: ni mali ya watu. Ukikuta majina, rekodi za wagonjwa, za wanafunzi, za viwanja, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Iambie taasisi kwa maandishi, waamue. Kinachotafutwa na wakusanyaji ni mfumo na programu, sio rekodi. Na usibebe bila karatasi inayoonyesha vifaa vimeondolewa kwenye daftari la mali, yenye namba za mashine. Risiti ya mkono haitoshi.

#16 mama_kebo

Usafirishaji kutoka Iringa: matuta ya barabarani yanaua diski na plastiki za O2 kuliko umri. Usiweke kwenye buti la basi juu ya magunia ya viazi, wala chini yake, chini ndiyo mbaya zaidi. Kila mashine ifunge nailoni kwanza, kisha kipande cha godoro inchi mbili pande zote sita, ndipo boksi. Watu wa Mafinga watakupa maranda bure ya kujazia, sawa, lakini yabaki nje ya nailoni. Yakiingia kwenye feni utayatoa mwaka mzima. Diski zichomoe, zibebe kwenye begi lako mapajani. O2 isimame kama inavyosimama mezani, isilale.

#17 ndaga_fijo

Shukrani wakuu, naenda Jumamosi na orodha hii. La mwisho: mausi ya Sun ina taa nyekundu chini, lakini kwenye picha hakuna kipira. Ni mbovu?

#18 mkwawa_sparc

Sio mbovu. Mausi za Sun za enzi hizo, nyingi zilitengenezwa na Mouse Systems, zinasoma mwanga lakini hazisomi meza wala karatasi. Zinasoma bamba la chuma linalong'aa lenye mistari midogo ya miraba, kubwa kiasi cha daftari. Bila bamba hilo mshale hauendi popote. Uliza kama lipo. Watu hulitupa kwa kudhani ni kifuniko cha kitu.

#19 ndaga_fijo

Nimempigia. Lipo chini kabisa ya boksi la nyaya, alidhani ni kipande cha bati.

#20 mkwawa_sparc

Mwambie aliweke kwenye bahasha peke yake, asilifute na steli waya.